Rangi ya maganda

Penseli iliyokosekana ilikuwa ya brauni. Nyingine 11 zilikuwepo, zimemwagwa juu ya mkeka barazani kwa mama yangu hapa Kibeta, na mtoto wa dada yangu alikuwa anazipanga na kuzipangua kana kwamba ile ya 12 ingejitokeza yenyewe. Yuko darasa la tatu. Daftari lake la Kiingereza lilikuwa wazi kwenye ukurasa wenye mchoro wa dubu, na agizo lilikuwa fupi: mpake dubu rangi, brown.

"Bibi," akaita, "brown ni rangi gani kwa Kihaya?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua kahawa kwenye ungo. Mkono ukasimama. Hakumjibu, akamrudishia swali:

"Brauni ya nini?"

Mtoto akanitazama mimi, mama mdogo wake ninayeandika magazetini, akitumaini nitalimaliza jambo hilo kwa neno moja. Sikuweza. Nimekaa na swali la mama tangu Jumamosi ile, na kadiri ninavyolifuata naliona lina uzito kuliko la mjukuu wake. Mtoto alitaka jina la rangi. Mama alitaka kwanza aambiwe kitu chenyewe. Ni ng'ombe? Ni udongo? Ni rubisi kwenye kibuyu? Ni ngozi ya mtu? Akishakijua kitu, na rangi ataijua.

Kihaya chake kina rangi 3 zisizohitaji msaada wa kitu chochote, nazo ni vitenzi: okwera, okwiragura, okutukura. Kuwa cheupe, kuwa cheusi, kuwa chekundu. Rangi katika maneno hayo haikai juu ya kitu kama rangi ya ukutani. Ni jambo ambalo kitu kinalifanya, kama kinavyoota au kuoza.

Kiswahili nacho, ukikikagua kwa makini, kina 3 hizohizo. Tunasema kitambaa cheupe, mti mweusi, maua mekundu, na kivumishi kinafuata ngeli ya jina bila shida. Jaribu kufanya hivyo kwa rangi nyingine yoyote, ulimi unagoma. Hakuna "kitambaa chekahawia". Kuna kitambaa cha rangi ya kahawia, kwa sababu zilizobaki karibu zote zimeazimwa kutoka kwa vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni ile bizari ya jikoni, zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, waridi ni ua, samawati ni mbingu ya Waarabu. Mafundi cherehani wameongeza ya kwao: ugoro, damu ya mzee, maziwa, bahari.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kuhusu majina ya rangi katika lugha nyingi za dunia. Hoja yao ilikuwa kwamba lugha yenye majina 3 tu ya msingi huwa na jina la weupe, la weusi na la wekundu. Kijani, manjano na bluu hufuata, na kahawia huja baada ya hizo. Wengi wameikosoa kazi hiyo tangu wakati huo, na sehemu nyingine za ukosoaji zina haki. Lakini kwa hatua ile ya kwanza, mama yangu na ungo wake wangeweza kuwa ushahidi.

Kilichonivutia zaidi ni dubu. Neno brown limetoka katika Kiingereza cha kale, brūn, na hapo mwanzo halikuwa na mipaka tunayoijua leo. Lilimaanisha giza, wekundu ulioiva kuelekea weusi, na wakati huohuo mng'ao wa chuma kilichosuguliwa. Katika utenzi wa kale wa Waingereza uitwao Beowulf, makali ya upanga huitwa brūn, na hapana shaka hakuna shujaa aliyekwenda vitani na upanga wa rangi ya udongo. Neno hilohilo, lililokuwa pia katika Kijerumani cha kale, liliingia Kifaransa likazaa kitenzi cha kung'arisha chuma, kikarudi Kiingereza kikiwa burnish. Na wanaisimu wengi wanaamini kuwa bear, jina la Kiingereza la dubu, lina shina moja na brown. Maelezo yao ni kwamba watu wa misitu ya kaskazini mwa Ulaya waliogopa kumtaja mnyama huyo kwa jina lake halisi asije akasikia akaja, wakamwita kwa mafumbo: yule wa brauni. Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa tusimtaje nyoka usiku, tuseme ukamba, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Kwa hiyo daftari la mtoto lilimtaka ampake yule wa brauni rangi ya brauni. Waingereza nao, hapo zamani, walianza na swali la mama. Brauni ya nini? Ya yule mnyama.

Sasa neno letu. Shuleni anafundishwa kahawia, na kahawia ni kahawa. Wasemaji wa Kiswahili hawakuwa peke yao. Waturuki husema kahverengi, rangi ya kahawa. Waajemi nao wana jina lao linalotokana na kahawa. Waarabu wameichukua rangi hiyo kwenye punje badala ya kinywaji: bunn ni punje ya kahawa, na bunni ndiyo kahawia yao. Punje hiyo imo pia katika Kiswahili, maana punje mbichi ni buni na mti wake ni mbuni, ingawa shambani huku wengi tunasema mkahawa au kahawa tu. Kuna na hudhurungi, neno la waandishi na washairi, ambalo kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zililieleza kuwa ni kitambaa cha pamba chenye umanjano wa udongo, cha kushonea kanzu. Kitambaa kimekwisha, rangi imebaki.

Na pwani ina lingine ninalolipenda kuliko yote, maji ya kunde. Mtu wa maji ya kunde si mweusi wala si mweupe; ni yule mwenye rangi ya maji yanayobaki chunguni kunde zikishaiva. Kiingereza kimeligeuza brown kuwa kabila la watu, na huko Uingereza na Marekani mtu mwenye asili ya India au Mexico anaweza kuitwa hivyo na kuhesabiwa hivyo. Maji ya kunde hayamtii mtu kwenye fungu. Yanamweleza kama anavyoonekana mbele ya aliyepika.

Mjini Bukoba, ukishuka kutoka Kibeta, hutasikia kahawia wala hudhurungi. Fundi viatu atakuuliza kiwi nyeusi au ya brauni. Dukani bahasha ni ya kaki, na kaki ni neno la Waajemi na Wahindi lenye maana ya vumbi. Kahawia imebaki darasani, kwenye maandishi na kwenye vitabu vya watoto. Hilo lilinishangaza nilipolifikiria, kwa sababu tumezungukwa na mmea uliolizaa neno. Kuanzia Kibeta hadi Maruku, hadi miinuko ya Kamachumu na Ihangiro kule Muleba, kibanja kisicho na kahawa chini ya migomba ni kibanja kilichopatwa na jambo.

Jibu, nadhani, ni kwamba neno hilo halikuzaliwa hapa. Lilizaliwa kwa wanywaji. Aliyelitunga aliiona kahawa upande ule wa mwisho, imekaangwa, imetwangwa, inamiminwa kutoka kwenye dele kwenye vikombe visivyo na mkono. Kahawa ya Ethiopia ilivuka kwenda Yemen, na katika karne ya 15 masufi wa huko walikuwa wanaitumia kukesha kwenye ibada. Kutoka Yemen na Oman ikaja pwani ya Afrika Mashariki pamoja na jina lake. Ilipofika ilikuwa tayari ni kinywaji cheusi chenye mapovu ya rangi.

Huku ziwani tulikuwa na kahawa nyingine, robusta, na hatukuinywa. Tuliitafuna. John Hanning Speke na James Grant walipokaa Karagwe kwa Mukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, kutafuna kahawa lilikuwa jambo la zamani katika falme hizi. Jina lake ni amwani, na ukienda stendi ya mabasi Bukoba utazikuta hadi leo, zimechumwa kabla hazijaiva sana, zimechemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikafungwa vifurushi vidogo. Mgeni akiingia nyumbani hupewa amwani kabla hajaulizwa shida yake. Na ndani ya tunda moja kuna punje 2 zilizolaliana. Katika kuchanjiana udugu, omukago, watu wawili waligawana punje za tunda moja zikiwa na damu yao, kila mmoja akameza ya mwenzake. Sijui mmea mwingine ambao umebeba maana hiyo kwa kugawanyika kwake tu.

Nilimwuliza mama: amwani zina rangi gani? Akasema nyeusi, okwiragura. Nikachukua moja nikaielekeza juani. Mimi niliona kahawia iliyokolea. Yeye aliona kitu kilichokwisha kuwa cheusi, na kazi ya kuwa cheusi ilikuwa imekamilika.

Hapo ndipo nilipoanza kuuangalia mwaka wa kahawa kwa vitenzi vyake vitatu. Mvua zikinyesha baada ya kiangazi, mibuni huchanua kwa mpigo, na kwa siku chache kibanja kizima kinanukia kama asumini. Maua yamekaa kwenye matawi kama pamba. Okwera. Kisha maua yanaanguka na inakuja miezi mirefu ya tunda bichi lenye rangi ya jani, kimya, miezi 9 hadi 11 kwa robusta tangu ua hadi kuiva. Ndipo tunda linapopata wekundu. Okutukura. Linachumwa, linaanikwa juu ya turubai au chanja, na jua likiwa zuri baada ya wiki 2 au 3 limekuwa jeusi, gumu, ukilitikisa linalia ndani. Okwiragura. Hayo sasa ni maganda, kahawa iliyokauka na ganda lake, ambayo ng'ambo ya Mutukula wenzetu wa Uganda wanaiita kiboko.

Maisha ya shule ya mtoto, paa la bati, mahari, msiba, vyote vimepitia katika rangi hizo 3. Na mkulima anajua kuwa kila moja ina mnunuzi wake. Nani asiyejua butura? Mwenye fedha anakuja wakati mti umejaa maua, au tunda likiwa bichi, ananunua mavuno ambayo bado hayapo kwa bei ambayo ingemfanya mwenye mti alie kama angesubiri. Serikali imeikataza butura mara nyingi, na sababu za kuikataza ni nzuri. Lakini anayeuza ua jeupe hauzi kwa ujinga. Ana mgonjwa, au karo, au deni lililomfuata hadi mlangoni. Mama aliwahi kuuza hivyo mara moja, nikiwa sekondari. Nilimwona mwaka ule akichuma kahawa nyekundu kwenye miti yake mwenyewe kwa uangalifu uleule wa siku zote, tunda kwa tunda, halafu akaikabidhi yote. Nilisoma kwa rangi nyeupe. Nyekundu ilikuwa ya mtu mwingine.

Ugomvi juu ya rangi hizo una historia ndefu. Wakati wa wakoloni kahawa ndiyo iliyoleta vyama na ndiyo iliyoleta fujo. Umoja wa Wahaya, Bukoba Bahaya Union, ulianzishwa mwaka 1924, na Klemens Kiiza, mmoja wa waasisi wake, akawa kati ya Waafrika wa kwanza hapa kujaribu kuikoboa na kuiuza kahawa bila kupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni. Mwaka 1937 serikali ya Waingereza ilipolazimisha kanuni zake za utunzaji wa mibuni, wakulima walizikataa na Bukoba ikachafuka. Chama kikuu cha ushirika kilikuja mwaka 1950, nacho ndicho babu wa KCU ya leo. Walichopigania wazee hao, ukikitazama kwa jicho la mama, ni haki ya mwenye mti kuisindikiza kahawa yake kutoka nyeupe hadi nyeusi bila kunyang'anywa katikati.

Kahawia iko wapi katika safari hiyo? Iko kwenye turubai, katikati ya wekundu na weusi. Ni siku chache. Tunda lililoanikwa jana bado jekundu. La wiki mbili ni jeusi. Yaliyo katikati yanapita kwenye hudhurungi, kwenye kutu, kwenye rangi ya udongo wa Maruku mvua ikiwa imeukatikia. Mtu asiyelima huona rundo moja la rangi moja. Mama anaona siku. Akipita anageuza kwa mkono na kusema haya ni ya Jumanne, haya yamenyeshewa, haya yalichumwa mabichi na hayatapata uzito.

Vitu vingine vya huku vinafanya hivyohivyo. Mbugu, lile gome la mtoma ambalo wazee wetu walilivaa kabla ya kaniki, huwa na rangi hafifu likichunwa. Linapopigwa kwa nyundo za mti na kutandazwa juani ndipo linapoiva likawa la rangi ya kutu. Ufundi huo kwa upande wa Uganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kwetu umebaki kwenye kumbukumbu na kwenye maonyesho. Pale Katuruka, Maruku, Peter Schmidt na wenzake walichimbua tanuri za kuyeyusha chuma zilizotumika karibu miaka 2,000 iliyopita, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa Kihaya waliweza kufikia joto la kupata chuma cha pua. Walianza na mawe ya rangi ya kutu. Waganda wanaiita kahawia kitaka, kutoka ttaka, udongo, ambao kwetu ni itaka. Na wafugaji, wao hawawezi kuridhika na kahawia moja: kule Ankole na Rwanda ng'ombe wa wekundu uliokolea kuelekea weusi ni bihogo, na yule wa wekundu uliochangamka ni gaju, na kuyachanganya majina hayo mbele ya mwenye zizi ni kosa. Brauni ya nini? Ya ng'ombe. Ng'ombe yupi?

Fizikia nayo iko upande wa mama. Kahawia haimo kwenye upinde wa mvua. Hakuna mwanga wa kahawia. Kinachofika machoni ni mwanga wa rangi ya chungwa uliofifia, na macho huuita kahawia kwa sababu kuna kitu chenye mwanga zaidi kando yake. Chukua kitu cha kahawia, kiangazie peke yake gizani kwa mwanga mkali, kitaonekana cha rangi ya chungwa. Rangi hii ipo kwa kulinganishwa na jirani zake tu.

Na ile kahawia ya mnywaji, iliyotupa neno, nayo ni jambo linalotokea kwa hatua. Ukikoboa maganda, unayoipata ni punje yenye ukijani hafifu au umanjano wa majani makavu. Haina harufu unayoijua. Ukiitia kwenye moto, sukari na protini zilizomo zinaungana na kuzaa rangi mpya na harufu mpya. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza badiliko hilo mwaka 1912, na ni lilelile linalotokea kwenye ukoko wa mkate na kwenye vitunguu vya pilau. Kwa muda mrefu moto huo umewashwa mbali. Hapa Bukoba tunacho kiwanda cha TANICA, kinachogeuza kahawa kuwa unga wa kuyeyuka kwenye maji moto, na kila nikipita karibu nacho nafurahi kusikia harufu ikitoka nyumbani. Lakini sehemu kubwa ya kahawa ya Kagera huondoka ikiwa bado punje mbichi, na mama yangu, aliyelima mibuni maisha yake yote, anakunywa chai asubuhi. Rangi iliyopewa jina la zao lake hajaiona sana kwenye kikombe chake. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Mtoto hakungoja nimalize kufikiri. Nilipomrudia alikuwa amelala kifudifudi mkekani, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, anasugua dubu kwa nguvu. Alikuwa amempaka kijani mwili mzima. Nikataka kumkataza, nikajizuia. Kisha akachukua nyekundu akapita juu ya kijani, polepole, kutoka masikioni kushuka, na kila alipopita rangi mbili zikazama moja ndani ya nyingine, na dubu akaanza kuwa vile alivyotakiwa kuwa. Mgongoni, alipokuwa amekandamiza zaidi nyekundu, paling'aa kidogo.

Akalipeleka daftari kwa bibi yake. Mama akajifuta vidole kwenye kanga, akalishika, akalisogeza kwenye mwanga, akalirudisha nyuma kidogo kama anavyofanya na barua.

"Hayo ni maganda," akasema. "Ya siku ya nne. Bado hayajakauka."

Akalirudisha daftari, akavuta ungo.